Mkunga Aliyehudhuria Matanga Yake

Kila mwaka, Noeli ikishapita na watu wakisharudi makazini, Mkunga alikuja kibandani kwangu Majengo, mjini Songea, kupimwa gauni lake la kuzikiwa. Alilileta limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akalivaa nyuma ya pazia, kisha akatoka nalo mbele ya wateja na kujigeuza huku na huku kwenye kioo changu chenye ufa. "Kwapani panabana, Fundi. Fumua kidogo." Mara ya kwanza wateja wawili walitoka nje bila kuaga. Mmoja hajarudi mpaka leo, na suruali yake ninayo.

Mimi mwenyewe mwanzoni nilikataa kulishona. Siku aliyokuja na kile kitambaa cheupe nilimwambia wazi kwamba kumshonea mtu aliye hai nguo ya kaburini ni uchuro, na kwamba kwetu Tunduru sanda hukatwa mtu akishafariki, si kabla.

"Nyie Wayao mnaogopa kila kitu," alinijibu. "Ndiyo maana babu zetu waliwakimbiza."

Mimi Myao, yeye Mngoni, kwa hiyo ni watani, na mtani hajibiwi kwa hasira. Nikamwambia babu zake walikuwa wakikimbiza kuku, Wayao waliwaona kwa mbali tu. Akacheka, akavuta kigoda, akakaa. Nikajaribu njia nyingine. Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilikuwa imeanza kumwagwa sokoni kwa marobota, ikiniua njaa mimi na cherehani yangu, nikamwambia aende akachague gauni huko, yapo meupe mazuri tu.

"Kafa ulaya?" akasema. "Nikatokee mbele za Mungu na nguo ya marehemu mwingine, mwenyewe awepo hapo hapo aidai?"

Nikachukua futi, nikampima.

Tulikuwa majirani Lizaboni, uzio wa matete katikati. Habari za ukoo wake wataeleza watu wa ukoo wake, ambao wanazipenda sana. Mimi nilimkuta ameshastaafu ukunga, na nusu ya watu wa mtaa ule walikuwa wamepita mikononi mwake. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata padri, akitangaza michango kanisani, alisema "na Mkunga", na watu wakajua.

Ukimuuliza kwa nini anajishughulisha hivyo na kifo wakati bado ana nguvu, alikuwa na jibu moja tu, nami nimelisikia mpaka nikalichoka. "Sijapokea mtoto hata mmoja bila kuandaa maji ya moto, wembe na kitambaa safi. Anayekuja anaandaliwa. Sasa mimi ninayeondoka ndiyo niondoke hivi hivi, kama mtu aliyefukuzwa?" Alilisema hilo kwa wagonjwa, kwa wazima, kwa bwana harusi mmoja siku ya harusi yake. Kuna nyumba waliacha kumwalika kwa sababu hiyo.

Asije mtu akadhani alikuwa mama wa kununa na kuhesabu siku. Sijamwona mzee aliyependa kuishi kama yule. Baiskeli alijifunza akiwa tayari na wajukuu, akaanguka kwenye mtaro wa barabarani mbele ya macho yetu, akainuka, akatutukana sote kwa kutomshangilia, akapanda tena. Alipoona herufi za kitabu cha nyimbo zinaanza kucheza hakungoja zipotee, alikwenda kupimwa macho akarudi na miwani mikubwa iliyomfanya aonekane hakimu. Baridi ya mwezi wa sita, ambayo inawatia wazee wengine ndani ya blanketi mpaka saa nne, yeye alitembea ndani yake kuelekea Matogoro na kurudi, sweta limefungwa kiunoni. Ngoma ya lizombe ikichezwa kwenye sherehe aliingia uwanjani, na vijana walimpisha kwa sababu viwiko vyake havikuwa na huruma. Kila mvua za kwanza alipanda mti mmoja nyuma ya nyumba yake, mparachichi au mchungwa, akanionyesha na kuniambia utazaa lini, na nani atakuwa anaula.

Na alikuwa na kasoro zake, tena za kuchekesha. Aliyewachoma wenzake sindano miaka yote hiyo, mwenyewe alizikimbia. Alipougua malaria kali ilibidi mimi na binti yake tumshike, mmoja kila upande, na alilia kwa sauti mpaka muuguzi akaona aibu kwa niaba yake. Mama aliyekuwa na nguo ya kuzikiwa kabatini hakuwa na kiberiti jikoni. Kila siku ya Mungu alinipigia hodi kwenye matete: "Fundi, nisaidie moto." Chumvi hivyo hivyo. Na misa hakuwahi hata mara moja. Nilimwambia, nyinyi Wakristo mnasema mtu awe tayari, mbona wewe uko tayari kufa lakini huko tayari Jumapili saa moja asubuhi? Akasema kufa hakuna kengele ya kwanza.

Lakini lililokuwa moyoni mwake kuliko yote ni hatima ya huyo binti yake.

Alikuwa na watoto watatu. Wa kati alikuwa mwalimu Mbinga, mtu wa kimya. Mkubwa alikuwa Dar es Salaam, mfanyabiashara, mmoja wa wale ambao ruksa iliwakuta wamesimama mlangoni: alianza na betri na sabuni, akaja kwenye matairi, akaja kwenye lori. Wa mwisho ndiye huyo binti. Mumewe alimrudisha nyumbani kwa kuwa hakuzaa, na unaweza kufikiri midomo ya watu ilivyofurahi, mtoto wa mkunga hana mtoto. Alirudi na sanduku moja, akaingia jikoni kwa mama yake, na tangu hapo yeye ndiye aliyechota maji, aliyelima bustani, aliyemkanda mama mgongo.

Kwa desturi ya ukoo wao, mwanamke aliyerudi nyumbani anakaa kwa hisani ya kaka zake. Mama akiwapo, hakuna neno. Mama akiondoka, neno moja la kaka linatosha. Na Mkunga aliyajua hayo kwa ngozi yake mwenyewe. Mumewe alipofariki, siku ya kuanua matanga shemeji zake waligawana vitu vya nyumba mbele yake, mpaka beseni alilokuwa analitumia kuzalishia. Alitoka kule na nguo alizovaa. Nyumba ya Lizaboni aliijenga baadaye, tofali kwa tofali, kwa jasho lake. Aliniambia habari ile mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, anachambua maharage. Niliona mabega yake yakitetemeka. Nikakaa, nikachambua naye maharage.

Basi mwaka mmoja yule mkubwa alikuja likizo. Viwanja vya Lizaboni vilikuwa vimeanza kutafutwa na wenye maduka. Asubuhi alitoka uani, akasimama kwenye kona ya uzio, akaanza kutembea kwa hatua ndefu zinazolingana, midomo ikichezacheza. Alifika kona ya pili, akageuka, akaendelea. Mkunga alikuwa dirishani. Mimi nilikuwa upande wangu wa matete, na tukatazamana.

"Umemwona, Fundi?"

"Nimemwona, Mama."

"Wewe unanipima mimi. Yeye anapima kiwanja." Akafunga dirisha.

Wiki mbili baada ya kijana kurudi Dar, Mkunga aliniita nimwandikie barua tatu. Alisema miwani inamsumbua, nami nikaamini, mjinga mimi. Barua zote zilikuwa na maneno yale yale: Jumamosi fulani, vitu vya mama vitagawiwa nyumbani Lizaboni, kila mtoto na kila ndugu afike bila kukosa. Nikamuuliza, si uweke jina lako hapo chini? Akasema aliyeandika aweke lake. Nikaweka langu. Moja ilikwenda Dar, moja Mbinga, moja kijijini kwa baba mdogo wa watoto, ndugu wa marehemu mumewe, yule yule aliyekuwapo siku ya beseni.

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa, mimi nilielewa Jumamosi yenyewe. Kwa watu wale, vitu vya mtu vinagawiwa siku moja tu, nayo ni siku ya kuanua matanga. Ukipata barua ya jirani, mwandiko wa jirani, jina la jirani, inayosema vitu vya mama vinagawiwa, hakuna Mngoni duniani atakayesoma kitu kingine: mama amekufa, amezikwa, na hamkuambiwa.

Tulianza kuwasikia tangu barabarani. Lori la kijana mkubwa lilikuwa limewachukua ndugu njiani, limejaa wanawake waliojifunga kanga viunoni, wanalia kwa zile sauti zinazokufanya uweke chini chochote ulichoshika. Kulikuwa na gunia la unga, mikungu ya ndizi, kuni. Baba mdogo alishuka akitafuta wa kumgombeza. Yule mkubwa alishuka amenyoa nywele, macho mekundu, akaja moja kwa moja kwangu, akanikamata kola.

"Fundi! Mama yangu mmemzika lini bila mimi?"

"Shikamoo kwanza kwa wakubwa," ikasema sauti kutoka barazani. "Halafu mwachie Fundi, hilo shati kashona mwenyewe."

Mkunga alikuwa ameketi kwenye kiti chake na miwani yake, ameweka chai. Nakwambia kilio kilikatika ghafla. Shangazi mmoja alikaa chini mavumbini. Yule mkubwa aliniachia kola, akamtazama mama yake, akaenda akapiga magoti akamwekea kichwa mapajani, akalia upya, safari hii kwa furaha, mtu mzima mwenye lori. Hapo nilimpenda, sitaficha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayepima viwanja tu.

Baba mdogo ndiye aliyekasirika. "Shemeji, umetutia uchuro! Watu tumelia njia nzima!"

"Ningewaita kikao mngekuja wangapi?" Mkunga akamuuliza. "Semeni kweli. Kwa uzima wangu mngetuma salamu. Kwa kifo changu mmejaza lori. Sasa maadamu mmekuja kugawa vitu, tugawe, na mwenye vitu yupo."

Watu wakaketi. Unga ulikuwa umeshakuja, kuni zimekuja, wanawake wakawasha moto, na msiba ukawa msiba kasoro maiti. Katekista na balozi wa nyumba kumi walikuwapo pia, maana ndio walioshuhudia Mkunga akiandikisha wosia wake. Mkunga alitoa karatasi, akampa mwanawe mkubwa. "Soma wewe, una sauti ya sokoni."

Akasoma, na alisoma vizuri. Shamba la mahindi na kiti cha baba yake ni vyake yeye mkubwa. Vitabu, redio na ng'ombe ni vya mwalimu. Baiskeli ni ya mjukuu wa kwanza wa kike atakayefika darasa la saba. Kioo kikubwa cha kabati apewe Fundi, maana watu wa Majengo wamechoka kujiona vipande viwili. Watu wakacheka, nami nikacheka nikiwa na machozi. Halafu akafika mahali akasema, "Nyumba ya Lizaboni, pamoja na kiwanja chake na miti yake yote..." Akaikunja karatasi taratibu.

"Haya mengine ni ya ndani," akasema. "Tutayazungumza wenyewe, wana ukoo."

Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, na niliona vikombe vinagongana. Kila mtu pale alijua maana ya "tutayazungumza wenyewe". Mambo mengi ya wanawake yamezikwa ndani ya maneno hayo. Katekista alikohoa, lakini katekista ni mtu wa adabu.

Mkunga hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi.

"Msiba gani huu," akasema, "mtani amekaa kimya kama mkwe?"

Nikaelewa kwa nini barua zile alitaka niziandike mimi, na kwa nini alinisisitizia siku hiyo nisifungue kibanda. Penye msiba mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anaweza kumwiga marehemu, kulala kaburini, kuzuia jeneza, kusema lisilosemeka, na atakayemkasirikia anatozwa kuku na kuchekwa mpaka wajukuu. Niliogopa, kusema kweli. Miaka yote nilikuwa nimelishika lile gauni kwa ncha za vidole. Lakini niliinuka, nikaingia ndani, nikafungua kabati, nikalivaa juu ya suruali yangu.

Nilipotoka wanawake walipiga yowe. Nilitembea kama yeye, mkono mmoja kiunoni, nikipepesa macho kutafuta kiberiti, nikamuuliza baba mdogo kama ana chumvi. Kisha nikajilaza chali kwenye mkeka, miguuni pa yule mkubwa, nikamshika kifundo cha mguu.

"Mwanangu," nikasema, "nimekufa. Nimefika mlangoni wananiuliza, nyumba umemwachia nani? Nimesahau. Nisomee, mwanangu, huku nje kuna baridi."

"Fundi, inuka."

"Siwezi kuinuka, mimi maiti. Nisomee."

Alijaribu kuuvuta mguu, nikaung'ang'ania. Uso wake ulikuwa unapigana na nafsi yake. Kicheko kilikuwa kimeshawapata wote, hata mwalimu wa Mbinga asiyecheka, na ndani ya kicheko kile hapakuwa na pa kuficha karatasi. Mwishowe ni baba mdogo, yule yule wa beseni, aliyepunga mkono akiwa amechoka. "Msomee mtani, mwanangu. Kuku wa kumlipa hatuna."

Akaikunjua. Akasoma kwa sauti ndogo: nyumba, kiwanja na miti yote ni mali ya binti yangu wa mwisho, aishi humo, apangishe, auze, au amrithishe amtakaye, na kaka zake wataingia humo kama wageni wa heshima.

"Rudia," nikasema kutoka chini. "Marehemu hasikii vizuri."

Akarudia. Nikamwambia masikio yamejaa udongo. Mara ya tatu alisoma kwa ile sauti ya sokoni kweli kweli, na majirani waliokuwa wamejaa kwenye uzio walisikia, na wapita njia wakasikia. Binti aliweka sinia chini, akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akajifunika uso kwa kanga. Wanawake wale wale waliokuja wakilia wakapiga vigelegele.

"Umenitega, Mama," yule mkubwa akasema, akimrudishia karatasi. Lakini alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nimekutega nikiwa hai," akamjibu, "ili usije ukanikosea nikiwa siwezi kukusamehe. Kaa ule." Akakaa, akala. Nakala moja ya karatasi ile ilibaki parokiani, nyingine mahakamani, lakini nadhani nakala iliyokuwa na nguvu ni ile ya masikioni mwa watu.

Mimi mitumba ilinimaliza baadaye. Niliuza cherehani, nikarudi Tunduru kwenye mikorosho ya baba yangu. Kile kioo cha Mkunga nilikifunga kwa magodoro mawili ndani ya lori, kikafika salama, na ninacho hadi leo. Miaka ikapita. Niliporudi Songea kwa harusi ya mpwa wangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda Lizaboni, ingawa kwa hesabu yangu huenda nilikuwa nakwenda kuonyeshwa kaburi.

Nilimkuta barazani. Amepungua kimo, ameongezeka upana, fimbo mkononi, miwani mizito zaidi. Miparachichi ilikuwa imelipita paa. Chumba cha uani binti alikuwa amempangisha muuguzi, na binti mwenyewe alikuwa ndani, namsikia akipanga vyombo na kuimba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Myao. Bado hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie, unajua njia."

Tukacheka mpaka akashika kifua. Hatujamaliza, gari likasimama nje. Nilimtambua kwa mwendo, yule mkubwa, kichwa kimeingia mvi, mfuko wa zawadi mkononi. Alipita uzio. Aliniona, akaninyooshea kidole akitabasamu, akamwamkia mama yake. Kisha akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

Ndani kuimba kukakoma. "Subiri kidogo, nanawa mikono," binti akajibu.

Akasubiri. Alivua kofia akaishika, mtu mwenye malori, amesimama kwenye jua, anamngoja mdogo wake anawe mikono.

Mkunga alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ile ile. Alikuwa anasikiliza, na uso wake wote ulikuwa unang'aa. Wengi hufa wakitumaini. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na chai, anaona.

"Haya, karibu," ikasema sauti ya binti. Na kaka yake akavua viatu, akaingia.

Mkunga alivuta pumzi ndefu, akaniachia mkono, akatafuta fimbo yake.

"Umekuja na futi, Fundi?" akasema. "Lile gauni halinitoshi tena. Nimenenepa."